Kofia ya Mkono: Maswali ya Wanaoogopa Kuifua

Idi inapokaribia, kofia hutolewa makabatini na maswali huanza. Kofia ya mkono ya Unguja au Lamu hushonwa kwa sindano kwa wiki kadhaa, nyingine kwa miezi, kitundu baada ya kitundu, na kila kitundu huzungushiwa uzi ili kitambaa kisichanike. Ndiyo maana mwenye nayo huiogopea maji. Huivaa mpaka ukingo wa ndani ugeuke rangi ya chai, kisha siku moja huivamia kwa dawa kali. Kofia huvumilia uchafu miaka mingi. Kufuliwa kwa pupa mara moja tu kwaweza kuimaliza.

Mashine ya kufulia je? Hapana, hata kama ina kitufe cha nguo laini.

Basi niifue vipi?

Kwanza pima mzunguko wa ukingo kwa futi ya fundi cherehani, uandike. Kipimo hicho utakihitaji baadaye, maana pamba husinyaa. Kama kofia ina nyuzi za rangi, bonyeza pamba nyeupe iliyolowa upande wa ndani kwa dakika moja. Pamba ikipata rangi, tumia maji baridi, usiloweke, na usiiache kofia ikiwa imejikunja hali imelowa. Isipotoa rangi, iloweke nusu saa katika maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche. Uchafu mwingi uko ukingoni, penye jasho na mafuta ya nywele: pakaa sabuni hapo, sugua kwa vidole au mswaki laini, wala mswaki usifike kwenye viua, yaani vile vitundu vilivyozungushiwa uzi. Suuza mara tatu au nne. Wakazi wa pwani wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wanajua sabuni haitoki povu humo na huacha utando wa kijivu. Walau suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua au ya bomba. Usiisokote. Ifunge katika taulo, uikandamize.

Imegeuka manjano. Nitie dawa ya kutakatisha?

Dawa yenye klorini hulegeza nyuzi za pamba, na hariri huila kabisa. Nasema kwa uchungu: niliwahi kuloweka kofia ya marehemu babu usiku kucha, asubuhi nikaikuta nyeupe pepepe, viua vya hariri vimeyeyuka na kubaki vitundu vitupu. Kwa kofia nyeupe ya pamba, jua linatosha. Ianike ikiwa na unyevu, uirudie siku ya pili. Ya rangi ianikwe kivulini. Doa la kutu, ambalo aghalabu hutokana na msumari au waya wa kuanikia, lipakae ndimu na chumvi, ukaliweke juani, kisha suuza sana. Klorini juu ya kutu hulifanya doa ling'ang'anie zaidi.

Kanji ipi, na nzito kiasi gani?

Hapa kila nyumba ina fundi wake, nami sitaki ugomvi na bibi za watu. Kipimo changu ni kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa muhogo kwa nusu lita ya maji. Koroga wanga kwanza katika maji baridi kidogo hadi madonge yaishe, ndipo umimine maji yanayochemka huku ukikoroga, mpaka uji uwe kama kioo. Uchuje kwa kitambaa. Ukipoa, chovya kofia, ikandamize, halafu iinue kwenye mwanga: vitundu vingine vitakuwa vimezibwa na utando wa kanji. Vipulize, au vizibue kwa kijiti butu. Ukiviacha vikakauka hivyo, kofia haitapitisha hewa, na utakaa msikitini ukitokwa jasho kama uliyevaa sufuria. Kanji nzito mno pia hupasua nyuzi kwenye mikunjo.

Sina furuma. Nifanyeje?

Furuma ni kile kibao cha mviringo cha kukaushia kofia isisinyae. Usipokuwa nacho, tafuta bakuli au ndoo ndogo ya plastiki yenye mzunguko ule ulioandika. Epuka kopo la bati kwa sababu ya kutu, na furuma ya mbao mpya ivishe kitambaa cheupe, kwani baadhi ya mbao hutoa rangi. Nyoosha ukingo kwa viganja, kilele kikae bapa, uiache ikauke. Ukipiga pasi, piga kwa ndani, juu ya taulo, viua visilale.

Nitaihifadhije hadi Idi ijayo?

Kama itakaa miezi, itoe kanji kwanza. Wanga ni chakula cha mende. Ijaze karatasi nyeupe, isiwe gazeti, uifunge katika kitambaa cha pamba. Mfuko wa plastiki huzuia unyevu usitoke na kuleta ukungu, hasa wakati wa masika.

Jambo moja la mwisho, ambalo hakuna aliyeniuliza. Kabla ya kulowesha, kagua viua kimoja kimoja. Ukiona uzi umefumuka, mpelekee mshonaji kwanza, kwa sababu kitundu kilicholegea hupanuka kikishalowa na kusuguliwa, na hapo mshonaji hatakuwa na kitambaa cha kushikia uzi wake.