Kuvumwani kwenye kabro: anza na kisu

Mvua ya masika ikipita, kabro za uani huku Limuru hugeuka kijani na kuteleza kama sabuni. Ngoja jua la siku mbili, kisha kwangua mianya kwa kisu kikuukuu: kuvumwani haina mizizi ya kweli, hubanduka kama kipande cha zulia. Sugua kwa brashi ngumu, si ya waya, maana waya huchubua kabro. Yale mabaka ya kijivu yaliyoganda ni sugu zaidi. Yaloweshe, yasugue, rudia wiki ijayo. Usishawishike kutumia siki: hula saruji, na ikichanganywa na jiki hutoa gesi ya sumu. Tafadhali usijaribu! Mwisho, jaza mianya mchanga mkavu na upunguze matawi yanayoziba jua.