Mkoba wa Ngozi wa Kushona kwa Mkono: Mtaji Huliwa Wapi?

BIASHARA ya mikoba ya ngozi inayoshonwa kwa mkono inawavutia wafanyabiashara wadogo kwa sababu tatu. Ngozi ipo, mafundi wapo, na mashine zinazohitajika ni chache. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na katika miji ya pwani mafundi wa makubadhi wamekuwa wakikata, kutoboa na kushona ngozi kwa vizazi vingi. Kwa anayetazama kwa mbali, kilichobaki ni kutafuta jina zuri na kuanza kuuza.

Hata hivyo, katika biashara hii mtu anaweza kuuza kila mkoba anaoutengeneza na bado akafilisika. Chanzo huwa ni makosa mawili. La kwanza ni kutohesabu saa za fundi. La pili ni kupeleka mikoba madukani kwa mali kauli kabla mtaji haujazunguka hata mara moja. Somo la wiki hii linachambua makosa hayo kwa tarakimu, pamoja na mambo yanayopaswa kutangulia.

Ushindani si wa bei

Mkoba wa mtumba na mkoba wa plastiki unaofanana na ngozi huuzwa kwa bei ambayo fundi wa mkono hawezi kuifikia hata akishona usiku na mchana. Anayeanza kwa nia ya kuuza rahisi kuliko mtumba ameshindwa kabla hajanunua ngozi.

Mkoba wa mkono huuzwa kwa mambo ambayo mtumba hauna: ngozi halisi inayodumu, mshono unaoweza kurekebishwa, mkoba wa pili unaofanana na wa kwanza mteja anaporudi, na fundi anayejulikana. Kwa mantiki hiyo, mteja anayelengwa ni yule anayenunua mkoba mmoja wa miaka kumi, si mikoba kumi ya mwaka mmoja. Mteja huyo yupo, lakini ni wachache, na biashara ipangwe kulingana na uchache wao.

Ngozi: chagua kabla ya kulipa

Ubora wa mkoba huanzia machinjioni. Kisu cha mchunaji kikikata ngozi, tundu hilo halizibiki. Chapa za moto, makovu ya kupe na mikwaruzo ya miiba hubaki hadi mwisho. Ngozi isipotiwa chumvi ndani ya saa chache baada ya kuchunwa huanza kuoza, na kasoro hiyo huonekana baadaye kiwandani. Mnunuzi aikunjue ngozi nzima mahali penye mwanga, aipapase pande zote mbili, na asikubali kuuziwa robota lililofungwa.

Ngozi hudabaghiwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza hutumia chumvi za kromu. Ni ya haraka, na sehemu kubwa ya ngozi duniani hutengenezwa hivyo. Ya pili hutumia maji ya magome ya miti. Huchukua wiki kadhaa, lakini hutoa ngozi imara inayoshika umbo, inayochongeka vizuri ukingoni na inayozidi kupendeza kadiri inavyotumika. Dawa ya magome hayo imekuwa ikitengenezwa Njombe kutokana na miti ya miwati, katika kampuni ya TANWAT iliyoanzishwa 1949.

Hapa ndipo neno "endelevu" linapohitaji uangalifu. Ngozi ni zao linalotokana na nyama, na mkoba unaodumu ni afadhali kuliko unaotupwa baada ya msimu mmoja. Lakini maji machafu ya kiwanda cha ngozi yakimwagwa mtoni bila kusafishwa, sifa hizo zote hazina maana. Mfanyabiashara asiandike "rafiki wa mazingira" kwenye lebo kabla hajakitembelea kiwanda kinachomuuzia na kuona maji hayo yanakwenda wapi. Aidha, anayetazamia soko la Ulaya afahamu kwamba tangu Mei 2015 Umoja wa Ulaya hauruhusu bidhaa ya ngozi inayogusa mwili kuwa na kromu aina ya VI ya miligramu 3 au zaidi katika kilo moja. Mnunuzi wa huko ataomba cheti cha maabara, na maneno ya mdomo hayatamtosha.

Ngozi za wanyamapori ziachwe kabisa. Biashara ya kimataifa ya ngozi za mamba, chatu na wengine wengi inasimamiwa na mkataba wa CITES, unaotumika tangu 1975. Shehena isiyo na kibali hukamatwa bandarini.

Hesabu ya mkoba mmoja

Tarakimu zifuatazo ni za mfano. Bei hubadilika kwa mji na kwa msimu, lakini mpangilio wa hesabu haubadiliki.

Tuseme vipande vya mkoba mmoja vina jumla ya futi 6 za mraba. Ngozi haina umbo la mstatili. Ina shingo, miguu, tumbo lililolegea na makovu ya kukwepa. Tukichukua kwamba robo ya ngozi hupotea katika kukata, mkoba huo unahitaji futi 8 za mraba. Kwa sh. 3,500 kwa futi, ngozi ni sh. 28,000. Bitana, uzi wa nta na gundi ni sh. 6,000. Zipu na bizimu ni sh. 8,000. Jumla ya malighafi ni sh. 42,000.

Sasa fundi. Kukata, kutoboa kwa msharasi, kushona, kusugua kingo na kukagua ni saa 9. Ikiwa ujira wa haki wa siku ya saa 8 ni sh. 20,000, kila saa ni sh. 2,500, na mkoba mmoja ni sh. 22,500. Kodi ya chumba, umeme, nauli na mikoba inayoharibika igawanywe kwa kila mkoba, tuseme sh. 12,000. Gharama kamili ni sh. 76,500.

Wengi hawafanyi hesabu hiyo. Mfanyabiashara huhesabu futi 6 badala ya 8, akapata ngozi ya sh. 21,000. Huongeza vifaa vya sh. 14,000, akapatana na fundi sh. 10,000, akafikia sh. 45,000. Huuza mkoba sh. 60,000, akaamini amepata faida ya sh. 15,000. Ukweli ni kwamba ametumia sh. 42,000 za malighafi, sh. 10,000 za fundi na sh. 12,000 za uendeshaji, yaani sh. 64,000. Kila mkoba aliouza umempa hasara ya sh. 4,000. Na kadiri wateja wanavyoongezeka ndivyo mtaji unavyopungua, huku akishangaa fedha zinakwenda wapi.

Fundi naye hajanufaika. Amelipwa chini ya nusu ya ujira wa saa zake. Fundi wa namna hiyo hufanya moja kati ya mambo mawili: huharakisha mshono ili amalize mikoba mingi, au huondoka na patani akawashonee wengine. Katika hali zote mbili anayepoteza ni mwenye jina.

Makubaliano na fundi

Fundi wa makubadhi anaijua ngozi, lakini mkoba una matakwa yake. Pande mbili lazima zilingane, mpini lazima ubebe uzito, na bitana lazima ikae bila mikunjo. Mikoba michache ya mwanzo ichukuliwe kuwa ya mafunzo, na fundi alipwe kwa siku, si kwa kipande. Mkono ukishazoea, mikoba mitatu ishonwe kwa saa iliyopo ukutani, wastani upatikane, ndipo bei ya kipande ikubaliwe na kuandikwa.

Maandishi hayo yaeleze mambo manne: bei ya kila aina ya mkoba, nani anagharamia kipande kilichoharibika, patani ni mali ya nani, na fundi anapata nyongeza gani mteja anapoagiza tena mkoba ule ule. Hilo la mwisho hupuuzwa sana, nalo ndilo linalomfanya fundi aone jina la biashara kuwa lake pia. Ikiwa pambo limetoka kwa wanawake wanaotunga shanga, kwa mfano katika jamii za Wamaasai, pambo hilo lilipiwe kama kazi ya usanifu, wala lisichukuliwe kama kipambo cha bure.

Kwa mafunzo zaidi, kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam hufundisha teknolojia ya ngozi, na SIDO, shirika lililoanzishwa 1973, huwahudumia wenye viwanda vidogo kwa ushauri na mafunzo.

Hatari ya mali kauli

Baada ya hesabu ya mkoba mmoja huja hesabu ya mzunguko. Tuseme mtaji ni sh. 5,000,000. Vifaa, meza na mashine moja iliyotumika ni sh. 1,200,000. Usajili na mikoba ya majaribio ni sh. 600,000. Zinabaki sh. 3,200,000, ambazo kwa gharama ya sh. 76,500 zinatosha mikoba 41.

Mafundi wawili wanaofanya kazi saa 48 kwa wiki hutoa mikoba 10 hivi. Maana yake ni kwamba katika wiki ya nne fedha zote zimegeuka mikoba. Sasa ikiwa mikoba hiyo imepelekwa kwenye maduka ya watalii kwa mali kauli, na mwenye duka hulipa siku 60 baada ya kupokea, fedha za kwanza zitaonekana karibu wiki ya kumi. Kwa wiki tano na zaidi hakuna fedha ya ngozi wala ya mafundi. Mafundi wataondoka, na wakati malipo yanapofika hakuna wa kushona.

Kwa bei ya jumla ya sh. 100,000, kila mkoba una faida ya sh. 23,500. Biashara hiyo haina kasoro kwenye karatasi, lakini imekufa kwa kukosa fedha mkononi.

Kinga zipo tatu. Kwanza ni arbuni. Mteja anayeagiza atoe nusu, yaani sh. 50,000, ambazo zinalipia malighafi yote ya sh. 42,000 na kubakiza sh. 8,000 za kuanzia ujira. Pili, mali kauli isizidi robo ya mikoba iliyopo, na iandikwe kwa idadi, bei na tarehe ya kulipa. Tatu, mabaki ya ngozi yageuzwe pochi ndogo, mikanda ya saa na vishikio vya funguo. Ngozi yake imekwisha kulipiwa katika hesabu ya mikoba, hivyo kinachoongezeka ni ujira na vifaa kidogo, na bidhaa hizo huuzwa taslimu. Aidha, aina za mikoba zisizidi tatu kwa mwaka wa kwanza, kwani kila aina mpya huhitaji patani, bizimu na mazoezi yake.

Jina ni mali

Mkoba usio na jina ni bidhaa, na mkoba wenye jina ni rasilimali. Mfano ni mradi wa Ethical Fashion Initiative, ulio chini ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa, ambao umewaunganisha mafundi wa Nairobi na mbunifu wa Uingereza Vivienne Westwood. Mikoba ilitengenezwa kwa mabaki ya ngozi na turubai za matangazo ya barabarani. Mafundi walipata kazi na soko ambalo wasingelifikia peke yao. Lakini jina lililomvuta mnunuzi ni la mbunifu. Kushona kwa jina la mwingine ni njia nzuri ya kupata uzoefu na fedha za uhakika, ila mwekezaji ajue kwamba thamani ya jina hukua upande wa pili.

Upande wa Tanzania Bara, alama ya biashara husajiliwa BRELA. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina usajili wake, na usajili wa nchi moja haulindi katika nchi nyingine. Neno la kawaida halifai kuwa alama. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" huko kwao. Ombi lilipingwa na Wakenya na wenzao wa Uingereza, na halikufaulu. Funzo ni kuchagua jina la pekee, na kulisajili kabla halijajulikana.

Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza

Anayetaka kuingia katika biashara hii, au kuweka fedha katika biashara ya mwenzake, aombe kuona vitu vitano: ngozi yenyewe na jina la kiwanda kilipotoka, mikoba mitatu ya aina moja iliyoshonwa kwa siku tofauti, karatasi ya saa za fundi, makubaliano yaliyotiwa saini na mafundi, na orodha ya madeni ya madukani yenye tarehe. Mikoba mitatu ikitofautiana, hakuna bidhaa bado, kuna majaribio. Karatasi ya saa isipokuwepo, bei iliyowekwa ni ya kubahatisha. Na orodha ya madeni ikiwa ndefu kuliko orodha ya mauzo ya taslimu, fedha mpya zitakwenda kuziba pengo la zamani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mkoba wa ngozi, ukurasa wa kwanza wa daftari hilo ni wa saa za fundi.