Vidonge vya Kichina kwa mtoto mwenye hasira

*Daktari, mwanangu wa miaka mitatu akinyimwa kitu hujitupa chini, hulia na kuuma wenzake. Jirani ameniletea kutoka Mbarara vidonge vya Kichina vya "kutuliza ini". Nimpe? – Mama, Endiinzi*

Usimpe, mama. Waganga wa Kichina huihusisha hasira na ini, lakini baadhi ya dawa zao za kutuliza hutiwa madini mekundu yenye zebaki, nayo hudhuru ubongo na figo.

Kutoka kwa waganga hao chukua kukanda tu, wanakokuita tuina: kabla ya kulala paka mafuta kidogo, msugue viganja na mgongo taratibu. Hasira haitapona, ila huenda akalala vizuri, na wewe pia.

Umri huo hasira ni nyingi, maneno machache. Tazama saa anazolipuka. Mara nyingi ana njaa au usingizi. Mshike asijiumize, sema kidogo, usimchape, na usimpe alichokililia.

Akiwa na homa au degedege, akipoteza maneno aliyokuwa nayo, au, kama mlikimbia vita, akishtuka usiku tangu wakati huo, mpeleke kituo cha afya cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Ikibidi watamwandikia rufaa ya Mbarara. Vidonge hivyo nenda navyo wavione.