Kashata Zinazofika Korogwe Bila Kunata

Juzi mwenye duka mmoja pale stendi ya Korogwe kanipigia: "Dada, niletee mzigo mwingine, zile zimekwisha." Nikacheka peke yangu. Ni yeye huyu aliyenirudishia ndoo nzima wakati wa masika, mbele za watu, eti kashata zimetoa maji. Kaziweka juani juu ya kreti za soda, zisilowe kwa nini? Nikazipakata kilomita 65 hadi Handeni, kisha gari jingine la Kang'ata, na kila abiria anauliza bei.

Mnaoniuliza jinsi mimi, mama na wadogo zangu tunavyoikuza biashara hii, hatua ni nne. Kwanza nazi. Huku Uziguani tunategemea za Pangani na Muheza, na muuzaji wa gulioni atakuchanganyia koroma na zilizokwisha kuota joya huku akikuita mteja wangu. Mwambie apasue moja kabla hujalipa. Akinuna, hamia kwa jirani yake. Na wanaokamua tui la wali kwanza, kisha wakatupikia kashata za machicha kwa bei ileile, Mungu anawaona.

Pili, shira. Mama hupima kwa macho, lakini kwenye kuni macho yanajaa moshi. Mimi naweka kikombe cha maji baridi. Epua sufuria, dondosha tone. Likitawanyika, rudisha motoni. Likituama chini ukaweza kulifinyanga kwa vidole, tia nazi na iliki, koroga mpaka donge liachane na sufuria. Kashata za karanga zinataka zaidi: tone ligande, ukilivunja lilie. Badilisha maji kila unapopima. Yakishapata joto, tone halikwambii kweli. Halafu usifunge zingali na joto, mvuke utageuka maji humo humo ndani.

Za kwanza kupikwa hivyo nilimpelekea yule yule bwana. Nikamwachia kifurushi cha bure: "Kaka, kikae hapa kaunta mpaka Jumatatu, tuone kama kitatoa maji." Jumatatu hakuna kifurushi, watoto wake wamekimaliza! Akalipa mzigo taslimu, bila kuniomba nipunguze.

Tatu, msikopeshe wachuuzi wa madirishani. Basi likiondoka, na hela imeondoka. La nne ni mtaji. Kama mna kikundi cha wanawake au vijana, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, muulizie mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Hauna riba.