Droni: Inaruka Bila Rubani, Lakini Haiendi Bila Watu

Bila shaka umeshaiona droni. Pengine ilikuwa harusini, ikivuma juu ya vichwa vya watu na kupiga video. Pengine uliiona kwenye taarifa ya habari, ikirusha mabomu. Lakini je, unajua kwamba droni inaweza kumpelekea mama damu ya kumwokoa baada ya kujifungua? Safari hii tujifunze droni ni nini, iko ya aina gani, inafanya kazi gani na ina kasoro gani. Soma mpaka mwisho, maana kuna kazi inayokuhusu wewe.

DRONI NI NINI?

Droni ni ndege isiyo na rubani ndani yake. Mtu aliye chini anaiongoza kwa rimoti, au inafuata njia iliyopangwa kwenye kompyuta na kujielekeza kwa msaada wa satelaiti. Ndogo nyingi zinatumia betri. Nyingi zina kamera.

Kwa Kiingereza jina hili lina maana ya nyuki dume. Mwaka 1935 Waingereza walikuwa na ndege isiyo na rubani waliyoiita Queen Bee, yaani malkia wa nyuki, ambayo wanajeshi waliitumia kama shabaha ya kujifunzia kulenga. Kwa hiyo usishangae: droni zilianzia jeshini, kazi za kiraia zimekuja baadaye.

ZIKO AINA NGAPI?

Kwa kazi za kiraia, aina utakazokutana nazo zaidi ni tatu:

1. Za mapanga mengi. Hizi ndizo za harusini. Zina mapanga manne au zaidi yanayozunguka kama pangaboi la darini. Zinapaa wima na zinaweza kusimama hewani sehemu moja. Tatizo lake ni kula betri haraka, hivyo hazifiki mbali.

2. Za mabawa. Hizi zinafanana na ndege ya kawaida. Mabawa yanazibeba hewani, kwa hiyo zinatumia nguvu kidogo na kwenda mbali zaidi. Lakini haziwezi kusimama hewani, na zinahitaji namna maalumu ya kurushwa na kupokelewa.

3. Mchanganyiko. Zina mabawa na mapanga pia. Zinapaa wima, kisha zinasafiri kama ndege. Mwaka 2018 droni ya aina hii ilijaribiwa kwetu Tanzania, kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Umbali wa kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria ilizimaliza kwa dakika 40 hivi. Kwa anayejua shida ya kusubiri kivuko, hilo si jambo dogo!

SAFARI YA DAMU NCHINI RWANDA

Sasa tuangalie mfano mmoja kwa undani. Rwanda ni nchi ya milima. Kwenye ramani hospitali mbili zinaweza kuonekana jirani, lakini barabara inazunguka milima na gari linachukua saa kadhaa. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hana saa kadhaa. Tatizo hili ni moja ya sababu kubwa za vifo vya akina mama duniani, na linaweza kuua kwa muda mfupi sana.

Utauliza, kwa nini kila hospitali isiweke damu ya kutosha kwenye jokofu? Swali zuri. Kwanza, damu ina makundi: A, B, AB na O, na kila kundi lina chanya na hasi. Hospitali ndogo haiwezi kujua kesho mgonjwa wa kundi gani atakuja. Pili, damu inaharibika. Chembe nyekundu zinakaa kwenye baridi kwa wiki 5 au 6 hivi. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zinadumu siku chache tu. Ukiweka nyingi, zinaharibika. Ukiweka chache, mgonjwa anakosa.

Ndipo Oktoba 2016 serikali ya Rwanda na kampuni ya Kimarekani iitwayo Zipline wakaanza kusafirisha damu kwa droni za mabawa kutoka kituo cha Muhanga. Utaratibu ni hivi:

Hospitali inaagiza damu kwa simu. Wahudumu wa kituo wanatoa damu ya kundi linalotakiwa, wanaifunga ndani ya boksi na kuiweka tumboni mwa droni. Droni inafyatuliwa na mtambo unaofanya kazi kama manati. Inaruka kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa hivi. Ikifika hospitali haitui. Inashuka chini kidogo, tumbo linafunguka, na boksi linateremka kwa parachuti ya karatasi mpaka uwanjani. Mhudumu anaokota na kukimbilia wodini. Droni inarudi Muhanga, na huko inanaswa kwa kamba ikiwa bado hewani.

Je, inasaidia kweli, au ni maonyesho tu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Global Health ulichunguza safari za mwaka 2017 hadi 2019. Kwa wastani damu ilifika kwa dakika 50 hivi, wakati kwa gari ilikadiriwa kuchukua zaidi ya saa 2. Jambo jingine: mwaka mmoja baada ya kuanza kutumia droni, damu iliyoharibika hospitalini ilikuwa imepungua kwa asilimia 67. Sababu ni rahisi. Ukijua damu itafika upesi, huna haja ya kurundika.

KAZI NYINGINE

- Kupeleka vipimo. Machi 2016 Malawi na UNICEF walijaribu droni mjini Lilongwe kubeba sampuli za damu za watoto wachanga ili zipimwe VVU. Majibu yakiwahi, na dawa zinawahi.

- Kupambana na malaria. Mwaka 2019, Zanzibar, watafiti walitumia droni kunyunyizia mashamba ya mpunga kimiminika kinachotanda juu ya maji na kuwazuia viluwiluwi wa mbu kupumua.

- Kuchora ramani. Kuanzia mwaka 2016 Unguja na Pemba zilipigwa picha kutoka angani kwa droni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuzirusha. Umeona? Ni kazi ya vijana kama wewe.

- Kufukuza tembo. Kwenye mipaka ya hifadhi za Tarangire na Serengeti, droni zilijaribiwa kuwaondoa tembo mashambani bila kumuumiza mtu wala mnyama.

KASORO ZAKE

Sasa tusidanganyane. Droni ina matatizo yake, tena mengine ni makubwa.

Mzigo mdogo. Zile za Rwanda zilikuwa zikibeba chini ya kilo 2 kwa safari. Droni ya namna hiyo haiwezi kumbeba mgonjwa. Gari la wagonjwa na barabara nzuri bado vinahitajika.

Hali ya hewa na betri. Upepo mkali, mvua kubwa na radi vinaweza kuizuia au kuiangusha.

Gharama. Mitambo, mafundi na vipuri ni pesa. Mradi unaotegemea wafadhili unaweza kuisha wafadhili wakiondoka. Ndiyo maana majaribio mengi yanabaki kuwa majaribio.

Ajali. Ikianguka juu ya watu inaweza kuua, na karibu na uwanja wa ndege inaweza kugonga ndege ya abiria.

Siri za watu. Kamera inaweza kuchungulia uani kwako au bwenini bila wewe kujua. Kumpiga mtu picha za faragha na kuzisambaza si mzaha, ni kumdhalilisha.

Vita. Kwenye vita vya Ukraine na Sudan droni zimeua raia wengi. Chombo ni kile kile, tofauti ni nia ya anayekituma.

Kwa sababu hizo ziko sheria. Tanzania, kwa mfano, huruhusiwi kurusha droni bila kibali, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo inayosimamia. Usikubali kuazima ya rafiki na kuirusha ovyo, utajiingiza matatani.

WEWE UNAHUSIKAJE?

Turudi kwenye lile boksi la damu. Droni imefupisha njia, sawa. Lakini droni haitengenezi damu! Wala kiwanda hakitengenezi. Kila mfuko unaoanguka kwa parachuti ulitoka kwenye mkono wa mtu. Kama benki ya damu ni tupu, droni itaruka na nini?

Hapa Tanzania, mchangiaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65, na uzito usiopungua kilo 50. Wanaume wanaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, wanawake kila baada ya miezi 4. Damu inapimwa VVU, homa ya ini aina B na C na kaswende kabla mgonjwa hajapewa.

Kuna wanaosema eti ukitoa damu utabaki dhaifu maisha yako yote. Si kweli. Maji ya damu yanarudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu kwa wiki chache. Wala huwezi kuambukizwa VVU kwa kuchangia, kwani sindano ni mpya na inatupwa ikishatumika.

Kama hujafika miaka 18, bado una kazi. Waelimishe kaka, dada na wazazi nyumbani. Jueni vituo vya kuchangia viko wapi. Na ukiipenda fizikia na hesabu, usiziache, kwani mafundi na warushaji wa droni wanatoka huko.

MASWALI YA KUJADILI NA WENZAKO

1. Hospitali ya visiwani inahitaji damu na vitanda 20. Kipi kiende kwa droni na kipi kwa boti? Kwa nini?

2. Wilaya yenu imepata pesa za kununua droni au kutengeneza barabara ya kwenda zahanati, si vyote. Gawaneni makundi mawili mbishane.

3. Kwa nini damu ikiwahi kufika, na inayoharibika inapungua?

4. Taja hatua mbili ambazo klabu yenu ya afya inaweza kuchukua muhula huu ili damu isipungue hospitalini kwenu.