Lemuri wa Begani Si wa Porini

*Mimi ni muuguzi hapa Tanga. Mimi na mume wangu tumeweka akiba kwa muda mrefu ili tumpeleke kijana wetu wa miaka 14 Madagaska akawaone lemuri. Tuna wiki moja tu. Kampuni moja imetutumia picha za watalii waliokaliwa na lemuri mabegani. Ndivyo walivyo porini? Twende wapi, na mwezi gani?*
*Mama Kijana, Tanga*

Mwanangu, sivyo walivyo. Lemuri anayemrukia mgeni begani amezoeshwa ndizi, na mara nyingi picha hizo hupigwa kwenye visiwa vidogo vya hoteli, ambako wanyama hao wamepelekwa na watu. Mkiishia hapo, kijana atarudi na picha nzuri bila kujua lemuri anaishije.

Nendeni Andasibe, na mkae huko huko. Ni kama kilomita 150 mashariki ya mji mkuu, Antananarivo, kwenye barabara ya bandari ya Toamasina. Malori ni mengi, kwa hiyo itengeeni safari hiyo nusu siku. Msitu wake ni wa mvua, na humo anaishi indri, lemuri mkubwa kuliko wote waliobaki: mweusi kwa mweupe, mkia mfupi kama kisiki. Watu wamejaribu kumfuga, hakudumu. Anayetaka kumwona hana budi kumfuata kwake.

Ingieni msituni asubuhi na mapema. Indri huanza kwa ngurumo fupi, kisha familia nzima hupaza vilio virefu vinavyopanda na kushuka, vikasikika zaidi ya kilomita mbili. Familia ya bonde la pili huitikia. Hivyo ndivyo wanavyoambiana mpaka wa kila mmoja uko wapi. Wakinyamaza, tulieni chini ya mti wao: mtawaona wakivuta matawi na kutafuna majani, halafu mmoja ajisukume kwa miguu ya nyuma, mwili wima, aende kushika shina jingine mita nyingi mbele.

Sehemu ya msitu huo ni hifadhi ya taifa, na kuingia humo lazima muwe na mwongozaji wa hapo. Mwambieni mapema kwamba mnataka kukaa na familia moja ya indri, si kukimbizana na kila aina. Akitaka kupiga sauti iliyorekodiwa ili waitikie, mkatalieni kwa adabu. Indri huidhani ni ya mvamizi, na hupoteza nguvu kumjibu adui asiyekuwepo. Nao tayari wako taabuni: mwaka 2020 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kwamba aina 103 kati ya 107 za lemuri ziko hatarini kutoweka, na indri yumo katika kundi la hatari kubwa kabisa. Misitu inakatwa kwa mashamba na mkaa, nao hawana kwingine pa kwenda.

Usiku hifadhi ya taifa hufungwa. Karibu yake kuna msitu unaosimamiwa na Mitsinjo, chama cha wenyeji, ambako mnaweza kutembea na tochi kutafuta lemuri wadogo wanaong'aa macho. Hao ni jamaa wa mbali wa komba mnaowasikia usiku huko kwenu. Msiwamulike usoni kwa muda mrefu.

Mwezi? Septemba hadi Novemba. Mvua ni kidogo na watoto wa indri wamekwisha kupanda migongoni mwa mama zao. Shule ikiwabana, Juni inafaa, ila chukueni masweta, na mjue baadhi ya lemuri wa usiku huwa wamelala usingizi wa miezi. Januari hadi Machi msithubutu: ni majira ya vimbunga.

Najua kijana atauliza wale wenye mkia wa pete. Hawapo katika misitu ya Andasibe. Wanaonekana vizuri Anja, karibu na Ambalavao, kwenye msitu unaotunzwa na wanakijiji wenyewe, lakini ni zaidi ya kilomita 400 kusini mwa Antananarivo. Kwa wiki moja mtazimaliza siku garini. Mwacheni anune kidogo.

Bebeni darubini, koti la mvua na soksi ndefu za kuzuia ruba. Wewe muuguzi, dawa za malaria sikufundishi. Na fedha zikipungua kabisa, visiwa vya Nzwani na Mwali, huko Komoro, vina aina moja ya lemuri, inayoaminika ilipelekwa na watu zamani.