Kucheka na kumcheka: somo dogo la Kiingereza

Mara hii nawaletea somo la Kiingereza juu ya kicheko kibaya. Sikulichagua bure.

Kwanza tuangalie Kiswahili. Tunasema kucheka, halafu kumcheka mtu. Herufi moja tu imeongezeka, lakini mambo yamegeuka: sasa kuko mtu anayeumia. Hapa kwetu tunasema tena kumuchekelea. Kiingereza kinatumia neno dogo pembeni: laugh with ni kucheka pamoja na mwenzako, laugh at ni kumcheka yeye. Ukikosea neno lile dogo, umegeuza maana yote.

Sasa tushike maneno mengine matano:

1. Snigger: kucheka chini chini, mkono kwenye kinywa, ili mwalimu asisikie. Waamerika wanasema snicker.

2. Sneer: inaonekana usoni. Mdomo unainuka upande mmoja kwa dharau, pengine bila sauti hata kidogo.

3. Jeer: kuzomea kwa sauti kubwa, sawa vile watu wanavyomfanyia mchezaji aliyekosa penalti.

4. Scoff: kubeza maneno ao shauri la mtu, kama kwamba halifai kitu.

5. Mock: kudhihaki, zaidi kwa kumwiga mtu namna anavyosema ao anavyotembea.

Mfano sasa. Tulipokuwa darasa la chini, mwenzetu mmoja alisimama kujibu. Alitaka kusema ana njaa, hungry. Akasema angry, maana yake ana kasirani. Wa mbele walianza na namba 1, wa nyuma wakamaliza na namba 5. Mimi pia nilicheka. Kiisha tukajua kwamba siku ile alitoka kwao bila kula kitu. Tangu pale hakuinua tena mkono kwa somo la Kiingereza mpaka mwisho wa mwaka. Alipoteza yeye, na sisi tulipoteza, juu yeye ndiye aliuliza maulizo ambayo sisi tuliogopa kuuliza.

Tufikiri kidogo. Wengi wetu tunasema Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa darasani. Kiingereza ni lugha ya nne. Anayekosea lugha ya nne amekwisha kujifunza tatu.

Mimi kapita wenu sikatazi kicheko. Hungry na angry zinachekesha kweli. Kama mmoja wetu angalimwambia kwanza neno la haki, tungalicheka pamoja naye, na yeye angalicheka kuliko sisi wote.

Zoezi. Tafuta neno la Kiingereza linalofaa:

a) Watu wanampigia mwamuzi kelele za dharau.
b) Mwanafunzi anaiga sauti ya mwenzake mwenye kigugumizi.
c) Mtu anainua mdomo upande, hasemi kitu.

Ukimaliza, jiulize swali la mwisho, na usimwonyeshe mtu jibu: wiki hii mimi nilifanya namba gani, na nilimfanyia nani?